Seli bandia si kama noti bandia

Ujumbe wa sauti ulimfikia khalati yangu Ijumaa baada ya swala, ukiwa umepita mikono mingi hata simu ikauwekea ile mishale miwili. Mwanamume mmoja anazungumza mbiombio: kwamba kuna "seli bandia" zimetengenezwa ng'ambo, zimeanza kutiwa ndani ya damu za hospitali na ndani ya chanjo za watoto, na anayetiwa hawi tena binadamu kamili. Khalati alinipigia pilau ikiwa bado motoni. Binti wa jirani yake hapo Majengo alikuwa karibu kujifungua, damu imempungukia, na daktari ameshasema huenda akaongezwa.

"Mwanangu, wewe ndiwe uliyesoma mambo haya. Nimwambie mamake akatae?"

Nilimjibu kwanza lililo la haraka: asikatae. Damu inayotundikwa kando ya kitanda hapa Mombasa imetoka kwenye mkono wa mtu aliyekaa kitini akachangia, ikapimwa maradhi, ikahifadhiwa kwenye baridi. Hamna seli bandia humo. Ama hizo seli bandia zenyewe, nikamwambia, si uongo mtupu. Ni kweli iliyokorogwa, na kilichoikoroga zaidi ni neno moja.

Sisi tuliokulia pwani, bandia tuliyemjua mwanzo ni wa kuchezea: mtoto wa bandia aliyeshonwa kwa vitambaa, akibebwa mgongoni na kulishwa uji wa mchanga. Ukikua, neno linakufikia kwa taarifa ya habari: noti bandia, vyeti bandia, dawa bandia. Hapo linanuka utapeli. Lakini lipo kabila la tatu la bandia ambalo halimtishi mtu. Babu akiyatoa meno yake usiku na kuyatia kwenye bilauri ya maji, nani amesema katapeliwa? Mguu bandia nao haumdanganyi mtu. Unafanya kazi ya mguu pale mguu ulipoondoka. Seli bandia ya wanasayansi ni ya kabila hili: kitu kilichoundwa na watu ili kifanye kazi moja au mbili kati ya zile ambazo seli ya kweli huzifanya kwa mamia.

Seli nayo ina vituko vyake. Ukimtajia kijana wa hapa neno hilo, atafikiria kituo cha polisi kabla ya somo la bayolojia, na hajakosea sana. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke aliweka kipande chembamba cha gome la mti chini ya hadubini, akaona vijumba vidogo vilivyopangana, akaviita kwa jina la vyumba vya watawa. Ndiyo sababu chumba cha mtawa, cha mahabusu na chembe ya mwili vinaitwa jina moja. Wenye jamaa wanaougua selimundu wanalijua neno hilo kwa machungu: seli nyekundu ya damu inajikunja kama mundu na kukwama kwenye mishipa. Familia za namna hiyo ni nyingi pwani yetu, kwa kuwa aliyerithi asili ya maradhi hayo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali, na malaria imekuwa ikituchuja kwa karne nyingi.

Mwili wa mtu mzima una seli zaidi ya trilioni 30. Kuielewa moja, fikiria jiko la harusi lililopigwa uani. Pana uzio unaozuia mbuzi na watoto lakini unaopitisha kuni na maji. Huo ni utando wa seli. Pana kitabu cha mapishi, ndiyo DNA, na kila pishi lililoandikwa humo ni jeni. Wapo wapishi, wanaitwa ribosomu, wanaosomewa pishi moja na kutoa chakula, yaani protini. Zipo kuni, ambazo ni nishati, na yupo mwenye kazi ya kutupa maganda. Kisha kuna jambo ambalo jiko la harusi halijaliweza hata siku moja: seli yaweza kujigawa ikawa majiko mawili kamili, kila moja na kitabu chake.

Si kila seli ina vyote hivyo. Seli nyekundu ya damu ikishakomaa haina kitabu cha mapishi kabisa. Ni kama kibuyu kilichojaa hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni, kinachozunguka mwilini kwa siku 120 hivi kisha kikavunjwa. Kwa kuwa ni nyepesi kuliko zote kuiga, ndiyo iliyoigwa kwanza.

Mambo matatu ndani ya kanzu moja

Yule bwana wa ujumbe wa sauti hakuvumbua neno. Hata magazeti huliita "seli bandia" kila kinachotoka maabara. Ukweli ni kwamba ndani ya jina hilo wamo watu watatu wasiofanana, na wa kwanza kati yao ni mzee kuliko mimi.

Mwaka 1957, kwenye Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, Kanada, mwanafunzi aliyeitwa Thomas Chang alijaribu kutengeneza seli nyekundu ya damu ndani ya chumba chake cha bweni. Miongoni mwa vifaa alivyobahatisha kilikuwemo kichupa cha kupulizia manukato. Alipata vitone vya hemoglobini vilivyofunikwa utando mwembamba wenye vitundu, hewa inaingia na kutoka, hemoglobini inabaki ndani. Havikuwa na kitabu cha mapishi wala wapishi. Ni uzio na mzigo tu. Baadaye wazo lile lile lilitumiwa kwa makaa. Makaa hunyonya sumu, lakini ukipitisha damu juu yake moja kwa moja yanaziumiza chembe zake. Yakivishwa utando, damu inapita salama na sumu inanaswa. Kwa njia hiyo walisafishwa damu watu waliokuwa wamemeza dawa kupita kiasi.

Miaka michache baada ya Chang, karibu na Cambridge huko Uingereza, Alec Bangham na wenzake walikuwa wakichunguza aina ya mafuta inayopatikana kwenye kiini cha yai. Walipoyatia majini wakaona yanajipanga yenyewe kuwa vipovu vyenye ukuta. Hakuna aliyeyafinyanga. Vipi?

Kila punje ya mafuta hayo ina kichwa kinachopenda maji na miguu inayoyakimbia. Sasa kumbuka wageni wa harusi wanapolala sebuleni: safu mbili, miguu inakutana katikati chini ya shuka moja, vichwa nje kutafuta hewa. Hivyo ndivyo mafuta hayo yanavyolala majini. Safu mbili, miguu imefichana katikati, vichwa vimeyaelekea maji ya pande zote mbili. Mkeka huo ukirefuka, pembe zake zinabaki wazi na miguu inalowa, basi unajikunja na kujifunga ukawa mpira. Ndani maji, nje maji, katikati ukuta wa mafuta. Kipovu hicho kinaitwa liposomu, na ukuta wake umejengwa kwa mtindo ule ule wa ukuta wa seli zetu.

Zinazotumika kwa dawa nyingi huwa na upana wa nanomita 100 hivi. Seli nyekundu ya damu, ambayo jicho haliioni, yaweza kupangiwa liposomu 70 na zaidi kwa upana wake.

Nimekawia hapa kwa makusudi, maana hapa ndipo seli bandia, kwa maana yake nyepesi kabisa, zilipokwisha kuingia hospitalini zamani. Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha dawa ya saratani iliyofungwa ndani ya liposomu, ikianza kwa wagonjwa wa UKIMWI waliopata saratani iitwayo Kaposi. Ipo pia amfoterisini, dawa kali ya kuvu inayojulikana kwa kuumiza figo na kumtetemesha mgonjwa kwa homa. Ikitiwa ndani ya liposomu ukali huo unapungua sana. Dawa hiyo ya ndani ya kipovu hutumika kwa baadhi ya wagonjwa wa kala-azar, maradhi yanayowasumbua ndugu zetu wa Turkana, Pokot Magharibi na Baringo. Na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dozi yake moja, pamoja na vidonge vingine, kwa uti wa mgongo unaosababishwa na kuvu kwa wenye virusi vya UKIMWI, baada ya majaribio yaliyofanyika katika nchi tano za Afrika, Uganda ikiwemo. Mtu akikwambia teknolojia hii ni ya jana na inajaribiwa kwa Waafrika gizani, mwambie Wazungu wa Ulaya na Marekani wameitumia tangu miaka ya tisini.

Chanjo je? Zile za Korona za Pfizer na Moderna zilikuwa na punje za mafuta, ndugu wa liposomu. Ndani yake mna barua moja fupi iitwayo mRNA. Seli zako wenyewe zinaisoma, zinapika protini moja ya kirusi ili kinga ya mwili iifahamu sura yake, kisha barua inachakaa na kutupwa. Bahasha yenye barua si jiko. Na chanjo ya mwanzo kufika Kenya, Machi 2021, ilikuwa AstraZeneca, isiyo na hata hiyo bahasha ya mafuta. Hiyo ilitumia kirusi cha mafua kilichofanywa kisiweze kuzaana. Kwa hiyo hapo ujumbe wa sauti umeanguka mara mbili.

Mtu wa pili ndani ya kanzu ni seli ya asili iliyofunzwa kazi mpya. Hii si bandia hata kidogo, ingawa inaitwa hivyo kila siku. Khalati yangu ana kisukari na hujidunga insulini mara mbili kwa siku. Nilimuuliza: unajua inatoka wapi? Akasema duka la dawa. Zamani insulini ilikamuliwa kutoka kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe, jambo ambalo Mwislamu akiliwaza anakosa raha. Mwaka 1978 wanasayansi Marekani walichukua pishi la insulini ya binadamu wakalitia ndani ya kitabu cha bakteria, naye akaipika bila kujua anampikia nani. Tangu 1982 insulini ya namna hiyo inauzwa, na leo nyingi inapikwa na bakteria au hamira. Khalati alinyamaza. "Yaani mimi miaka kumi na minne…" Ndiyo, khalati.

Kwenye kundi hili wamo pia wagonjwa wa saratani ya damu ambao seli zao za kinga hutolewa, zikaongezewa jeni ya kuzitambua seli za saratani, zikarudishwa. Marekani iliidhinisha tiba hiyo mwaka 2017. Imo tiba ya selimundu iliyoidhinishwa Uingereza mnamo Novemba 2023, ambapo seli za mgonjwa mwenyewe zinarekebishwa jeni. Na huko Bristol, mwaka 2022, watu wawili walitiwa kijiko kimoja au viwili cha seli nyekundu zilizokuzwa maabara kutokana na seli shina, yaani seli changa zinazozaa seli za aina nyingine, za wachangiaji damu. Nadhani hii ndiyo habari iliyozaa ile ya "damu ya mashine" inayozunguka. Lakini seli hizo zilizaliwa na seli za watu, zikalelewa kwenye chupa badala ya uboho. Mtoto aliyelelewa kwa shangazi hawi bandia.

Jiko linalojengwa kuanzia tofali

Mtu wa tatu ndiye anayestahili jina hasa, naye bado hajakamilika.

Wapo wanaomtafuta kwa kubomoa. Unachukua kiumbe kilichopo na kung'oa kimoja kimoja mpaka ubaki na kile kisichoweza kung'olewa. Kundi la Craig Venter nchini Marekani lilimchagua bakteria mmoja mdogo sana wa jamii inayowaletea mbuzi homa ya mapafu. Mwaka 2010 waliiandika DNA yake yote upya kwa mashine na kemikali, zaidi ya herufi milioni moja, hata majina yao wakayapenyeza humo kwa herufi za DNA, kama fundi anayechora jina lake nyuma ya mlango. Wakaitia ndani ya bakteria wa jamii ya karibu ambaye DNA yake haikuhitajika tena. Bakteria akaamka akiishi kwa kitabu kipya.

Hapo ndipo vichwa vya habari duniani viliposema mwanadamu ameumba uhai, na hapo ndipo masheikh na mapadre walipoanza kuulizwa maswali. Tazama vizuri lakini. Waliandika upya kitabu cha mapishi. Jiko, wapishi, kuni na uzio waliviazima. Hata maneno ya kitabu waliyanakili kutoka kwa bakteria aliyekuwepo. Kwangu mimi hiyo ni kazi ya mwandishi hodari wa kunakili, na sidhani mwenyewe Venter angeweza kuianza bila jiko la kuazima.

Kilichonistaajabisha zaidi ni cha mwaka 2016. Waliendelea kung'oa jeni mpaka wakabaki na 473 tu. Binadamu ana kama 20,000. Katika hizo 473, jeni 149 hawakujua zinafanya kazi gani. Ukiitoa, seli inakufa au inadumaa. Ukiuliza kwa nini, hakuna jibu. Karibu thuluthi moja ya kitabu kifupi namna hiyo, na wanaokisoma ni mabingwa. Tena seli hiyo ilikuwa ikijigawa ovyo, nyingine vipande vikubwa, nyingine vidogo. Mwaka 2021 wakagundua kwamba wakirudisha jeni 19, na hasa saba kati ya hizo, inajigawa sawasawa.

Wengine wanakwenda kinyume: wanaanza na sakafu tupu na kuongeza tofali. Mwaka 2001 huko Japani walifanikiwa kuwakusanya wapishi na vyombo vyao vyote vya lazima nje ya seli, kila kimoja kimesafishwa peke yake, kisha wakavichanganya kwenye chupa. Ukitia DNA, chupa inapika protini. Sasa chukua mchanganyiko huo uufunge ndani ya liposomu: una uzio, una kitabu, una wapishi. Hiyo ndiyo seli bandia ya kweli inayojengwa leo maabara nyingi za Ulaya, Marekani na Asia.

Mbona basi haijawa seli kamili? Kuni zinaisha. Jiko la harusi linaloletewa kuni mara moja tu litapika saa chache likazima, na nyingi za seli hizi huzima namna hiyo. Maganda nayo yanajaa. Na kuugawa mkeka wa mafuta katikati bila kumwaga kilichomo, wakati huo huo kitabu kinakiliwe na kila upande upate nakala, ni mambo ambayo kila moja limewahi kufanyika peke yake kwa kiasi fulani. Kuyafanya yote pamoja, yakisubiriana, ndipo penye kazi.

Zingefanya nini hospitalini

Swali la mbunifu wa dawa ni tofauti na la mwanafalsafa. Hataki kujua kama kitu hiki ni hai. Anataka kifike mahali fulani mwilini, kitambue jambo fulani, kifanye kazi fulani, kisha kipotee.

Kufika pekee ni shida. Mwili una askari wake, na kwenye ini na wengu ndiko wanakokagua kila kinachopita. Kipovu cha mafuta kisichofahamika kinamezwa haraka. Kwa hiyo vipovu vingi huvishwa nyuzi ndefu za plastiki laini zinazopenda maji, mithili ya mtu anayepita sokoni Kongowea kajitanda, wanaomdai wasimjue. Husaidia, ingawa kwa baadhi ya watu kinga hujifunza hata hiyo mitandio.

Damu ndiyo ndoto ya zamani. Fikiria mama anayevuja damu baada ya kujifungua kisiwani kule Faza, usiku, mashua ndiyo gari la wagonjwa. Damu ya kuchangiwa hukaa siku 35 hadi 42 tu, tena kwenye jokofu, tena iwe ya kundi lake. Huko Marekani kuna kikundi kinachofunga hemoglobini ndani ya vipovu na kuvikausha vikawa unga wa kukorogwa na maji, na wameujaribu kwa wanyama. Japani wamefika mbali kidogo: vipovu vyao vya hemoglobini wameshawatia watu wachache wenye afya kupima usalama. Kwa kuwa vipovu hivyo havina zile alama za nje za A, B na nyinginezo, havina kundi la damu. Vina kasoro yake pia: havikai mwilini siku 120, ni saa au siku chache. Ni daraja la kumfikisha mtu hospitalini. Uchangiaji damu haufutiki, na anayetumia habari hii kukwepa kuchangia atafute udhuru mwingine.

Kwa saratani, mwaka 2018 watafiti wa chuo cha Technion huko Israeli walichapisha matokeo ya seli bandia walizozitia ndani ya uvimbe wa panya. Zilikuwa na wapishi na kitabu, zikapika sumu ya protini pale pale, na seli za uvimbe zikafa. Tofauti yake na liposomu ya kawaida ni hiyo: ile inabeba chakula kilichopikwa, hii inabeba jiko.

Ama kisukari, hapo pwani tunaingia kwa mlango wa nyuma. Tangu 1980 kuna waliojaribu kuchukua seli za kongosho zinazotoa insulini, wakazifunga ndani ya vidonge laini vya ute wa mwani, wakawatia panya. Sukari inaingia, insulini inatoka, askari wa kinga wanabaki nje. (Ni mwani wa kahawia, si ule wanaopanda akina mama wa Kibuyuni, ambao hutoa ute wa aina nyingine. Nimeshaulizwa.) Tatizo lilikuwa kwamba mwili hukizungushia kidonge kovu, na seli za ndani zikakosa pumzi. Mwaka 2018 kundi la Zhen Gu huko Marekani likajaribu bila seli za kweli kabisa: kipovu kikubwa, ndani yake vipovu vidogo vyenye insulini. Sukari ikipanda, ukali wa maji ya ndani unabadilika, vipovu vidogo vinashikana na ukuta wa nje na kumwaga insulini. Sukari ikishuka, vinatulia. Kwa panya wenye kisukari, sukari ilikaa sawa hadi siku tano kwa dozi moja.

Wakati huo huo seli zilizokuzwa kutokana na seli shina zimetangulia mbele. Matokeo yaliyochapishwa 2025 yalionyesha kuwa kati ya watu 12 wenye kisukari cha aina ya kwanza waliotiwa dozi kamili, 10 walikuwa hawahitaji tena insulini baada ya mwaka. Ila inawabidi kumeza dawa za kutuliza kinga ya mwili.

Yanayofaa kuogopwa

"Zikizaana mwilini je?" Hili ndilo swali ninaloulizwa sana, na ni swali zuri. Seli bandia za kutibu zinazojengwa kwa matofali hazijui kuzaana, na mbunifu hana haraka ya kuzifunza. Nazi huota, dafu halioti. Mgonjwa anahitaji dafu.

Hofu kubwa iko kwingine, na wanasayansi wenyewe ndio walioipigia mbiu. Mkono wa kushoto na wa kulia vinafanana, lakini glavu ya mmoja haimwingii mwingine. Molekuli za uhai nazo zina mkono: protini za viumbe vyote tunavyovijua zimejengwa kwa upande mmoja. Mtu akifaulu siku moja kujenga bakteria wa upande wa pili, kama aliyetoka ndani ya kioo, huenda kinga zetu, za wanyama na za mimea zisimshike, kama kufuli isivyoijua funguo iliyopinduliwa. Desemba 2024 wanasayansi 38 waliandika kwenye jarida la Science wakitaka kiumbe hicho kisitengenezwe. Miongoni mwao alikuwemo Kate Adamala wa Chuo Kikuu cha Minnesota, ambaye mwenyewe alikuwa ameanza kuelekea huko akaacha. Hakuna aliyekitengeneza mpaka sasa. Inanipa moyo kidogo kwamba kengele imelia kabla ya moto.

Kenya ina Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya mwaka 2009 na mamlaka yake, na dawa yoyote lazima ipite Bodi ya Famasia na Sumu. Karatasi zipo. Mimi kinachonikosesha usingizi ni bei. Ile tiba ya selimundu niliyoitaja ilitangazwa Marekani kwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Hesabu kwa shilingi, kisha hesabu watoto wa selimundu wanaopanga foleni kliniki za Mombasa na Kilifi. Ujumbe wa sauti kuhusu hilo sijausikia ukisambazwa.

Binti wa jirani aliongezwa chupa mbili Jumatatu, akajifungua mtoto wa kiume Jumatano. Jioni nilikwenda kwa khalati, nikamkuta na mahamri na ujumbe mwingine mpya wa sauti, huo sikuusikiliza. Alikuwa bado anafikiria wale panya.

"Kwa hivyo panya wamepona kisukari kabla yangu?"

"Siku tano tu, khalati. Halafu kinarudi."

"Hata siku tano," akasema. Akaifuta chupa ya insulini kwa upindo wa leso, akaenda kuirudisha kwenye kimtungi cha udongo kilichoko pembeni mwa dirisha, maana stima ilikuwa imepotea tangu adhuhuri.